Toroli Namba Arobaini na Moja

Mimi ndiye niliyetia saini.
Kalamu ilikuwa yao, nzito, ya rangi ya fedha,
kahawa ilikuwa ya tatu asubuhi ile,
na nje ya dirisha ziwa la Kallavesi
lilikuwa limeganda hadi ng'ambo.

Tulinunua mfumo
kama mtu anayeshona suti ya harusi
kabla hajajua kama amealikwa.
Bwana Fagerström alimulika picha ukutani:
mishale, miduara, mstari wa kijani ukipanda,
akatamka "ufanisi" mara kumi na tisa.
Nilihesabu, kwa kuwa mengine sikuyaelewa.
Kila hospitali ya maana inao, alisema.
Nasi tukaogopa kuwa hospitali isiyo na maana.

Hakuna aliyeshuka ngazi.
Chini kule, orofa ya pili chini ya ardhi,
ndiko yanakofuliwa mashuka yetu,
tani nne kwa siku,
damu, jasho, dawa, supu ya viazi.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi kitanda kile nilikinunulia programu
wala sijawahi kukitandika.

Miezi kumi na minane. Mafunzo mara mbili, na keki.
Gharama naomba nisiitaje:
imo ukurasa wa saba wa ripoti, kwa herufi ndogo.

Kisha Februari, saa tisa usiku,
wodi ya walioungua ikakosa mashuka.
Muuguzi Sinikka Tuovila akamfunika mtoto
kwa vitambaa vya meza kutoka kantini.
Kwenye skrini yangu
kila kitu kilikuwa kijani.

Ndipo nikashuka.

Tyyne Kuosmanen, miaka thelathini na mmoja ndani ya mvuke,
alinitazama viatu kwanza.
"Skrini yako," akasema, "haimjui mtu mwenye vidole vilivyolowa."
Akaigusa. Kimya.
Akajifuta kwenye aproni, akaigusa tena,
ikamdai neno la siri
lenye herufi kubwa, tarakimu na alama,
huku mashuka mia sita yakimsubiri nyuma yake.

Akavuta daftari kutoka mfuko wa aproni,
jalada la bluu, limevimba kwa unyevu.
Toroli zilizotoka. Toroli zilizorudi.
Penseli, na mwandiko wa mtu mwenye haraka.
"Mashuka tunayo," akasema. "Hayarudi.
Arobaini na moja haijaonekana tangu Alhamisi."

Tuliikuta nyuma ya lifti ya mashariki,
gurudumu limekatika,
mashuka mia na ishirini juu yake
safi, yamekunjwa, baridi
kama barua ambazo hazijafunguliwa.

Nikamwuliza: "Mlitaka nini hasa?"
Maneno matatu. Niliyachelewesha miaka miwili.
Akacheka, si kwa furaha.
"Mizani mlangoni. Na kengele.
Toroli ikitoka, ipimwe;
isiporudi jioni, kengele ilie.
Na mtu wa magurudumu."

Mizani.
Na mtu wa magurudumu.

Ningependa kuwaambia nilikwenda nikauchana mkataba.
Mkataba una meno, kifungu cha kumi na nne;
leseni bado tunailipa kila Januari,
na Bwana Fagerström bado hunitumia kadi ya Krismasi
yenye kulungu anayetabasamu.

Lakini zabuni ya pili niliiandikia kule chini,
juu ya meza ya kukunjia, karatasi ikilegea kwa mvuke.
Ukurasa mmoja.
Mstari wa kwanza hautaji mashine yoyote. Unauliza:
nani atalala na baridi jambo hili lisipofanyika?

Tyyne aliisoma akiwa amesimama.
Kwenye mstari wa tano akalikuta "ufanisi",
lililopenya bila mimi kujua.
Akalikata kwa penseli,
na juu yake akaandika: shuka.